Utani Nilioukosea Daftarini

Ijumaa iliyopita nilirudisha ufunguo wa kabati la shule. Macho yameanza kunidanganya: imeandikwa "baba", mimi nasoma "bata". Mwalimu wa namna hiyo ni bora akalime. Sasa nina kishamba changu Bigwa, migomba na mihogo, na kuku ambao utii wao ni mdogo kuliko wa darasa la kwanza. Nimeridhika, asanteni kwa kuuliza.

Ninyi mnaoshika chaki baada yangu mliniomba niandike niliyoyaona. Nani alinipandisha cheo, na mwisho wa mwezi nilipokea nini, hayo hayawahusu, na kusema kweli hayana utamu wowote. Nitawaeleza nilivyoanza na vyombo tulivyofanyia kazi. Kisha nitawaeleza kosa moja nililolifanya kwa kalamu yangu mwenyewe, maana kosa hilo ndilo lililonifundisha kazi.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilifika Morogoro kwa miguu, reli ilikuwa bado, nikiwa na visigino vilivyopasuka na hotuba niliyoitunga njiani. Shule ilikuwa chumba kimoja cha udongo chini ya mlima, benchi sita, na wanafunzi thelathini ambao baadhi yao walikuwa na ndevu kunizidi. Nikasimama mbele, nikasema, "Mimi ndiye mwalimu wenu mpya," nikaegemea ubao kwa madaha. Ubao ukaanguka, nami nikaufuata. Hakuna mwanafunzi aliyecheka. Aliyecheka ni Mwalimu Hemedi peke yake, mkubwa wangu wa kazi, aliyekuwa mlangoni akitafuna tambuu. Baadaye akaniambia, "Hawajacheka kwa sababu wanakuogopa. Itakuchukua mwaka mzima kulirekebisha hilo."

Ubao wenyewe tuliupaka masizi ya sufuria tuliyoyakoroga na uji wa muhogo, na kila masika ulitoka madoa, tukaupaka tena. Chaki zilinyonya unyevu wa mlima zikawa laini, kwa hiyo asubuhi nilizikaanga kwenye kikaango kwa moto mdogo. Mke wangu hajanisamehe kile kikaango mpaka leo. Kila mwanafunzi alipewa sleti moja na kalamu yake ya jiwe. Sleti ndiyo ilikuwa roho ya shule, na sheria yake ilikuwa fupi: anayekuja bila sleti, fimbo tatu. Sheria hiyo sikuitunga mimi, lakini fimbo niliishika mimi.

Mwalimu Hemedi alinifundisha mengi yasiyo vitabuni. Usimwulize mtoto swali huku ukitazama dirishani. Usipige kengele kabla hujajua somo litaanzia wapi. Na tena, alinionya siku moja, mambo ya watani wa huku usiyaguse. Waluguru wana koo zao, na kila ukoo una watani wake. Mtani atakutukana, atakunyang'anya kofia mbele za watu, atakula chakula chako, na wewe ukikasirika ndiwe unayeonekana mjinga. "Wewe mtu wa pwani," alisema, "ukiingilia utaumbuka." Nikashika shauri lake kwa mikono miwili, na humo ndimo nilimopotelea.

Kosa lenyewe lilianza na daftari la majina. Darasani nilikuwa na akina Saidi watano na Ramadhani wanne, na kila nikiita, wanaitika watatu kwa pamoja. Nikapata akili, nikachora safu mpya nikaiandika juu "Ukoo". Nikawaita mmoja mmoja: "Baba yako ni wa ukoo gani?" Wakanijibu, nikaandika kwa wino mweusi na nukta zangu zote mahali pake. Watoto walikuwa wakiniita Mwalimu Nukta kisirisiri, wakidhani sijui. Siku ile nilijiona nimefika, nikampelekea hata Mwalimu Hemedi aitazame ile safu. Akasema ni mwandiko mzuri.

Mwaka huo darasa la tatu lilikuwa na vijana wawili ambao nitawataja. Wa kwanza ni Athumani, mtoto wa jumbe mmoja wa karibu na mji, mwenye kanzu safi, mdomo mwepesi na hesabu nzuri. Wa pili ni Mloka. Huyu alitoka Mgeta, juu kabisa, ambako njia imesimama wima na ukungu unaingia mpaka jikoni. Alikaa Bigwa kwa dada yake aliyeolewa huko, na kwa watu wa upande wao alikuwa ndiye wa kwanza kupelekwa shule. Walikuwa katika umri ule ambao sauti inavunjika na mtu hajui mikono yake aiweke wapi. Mloka alizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya mlimani, pole pole, lakini alipenda kusoma kwa sauti, na alikuwa akinyoosha mkono kabla sijamaliza swali.

Asubuhi moja Athumani alisimama kwa adabu zote. "Mwalimu, tunaomba ututazamie daftarini. Mimi na Mloka ni watani?"

Nikafungua ile safu yangu. Ukoo wa huyu na ukoo wa yule, niliujua utani wao, Mwalimu Hemedi alishanitajia. "Ndiyo," nikasema, tena kwa fahari ya mtu aliyeulizwa jambo analolijua. "Ni watani. Imeandikwa."

Darasa zima likaangua kicheko. Nilidhani wamefurahi kupata watani, nami nikafurahi pamoja nao.

Tangu siku hiyo Athumani alikula chakula cha Mloka. Viazi na maharage alivyofungiwa na dada yake kwenye jani la mgomba, Athumani alivifungua saa ya mapumziko, akala mbele yake, akasema, "Mtani, dada yako anakosea chumvi." Alimwita nyani wa ukunguni. Akamfanya ambebee vitabu mpaka njia panda. Wengine walicheka, na Mloka naye alicheka. Niliona yote hayo kwa macho yangu, wakati huo yakiwa bado mazima, nikajiambia: utani huo, na watoto wa watu wanajua mila zao.

Kisha sleti yake ikapotea. Alisimama mbele yangu mikono mitupu, nikamwuliza iko wapi, akatazama chini. Nikampiga tatu. Baada ya siku chache alipata nyingine, nayo ikapotea, nikampiga tatu tena. Mkono wake ulikuwa umekonda, nilipoushika niliuona, lakini sikuuliza kwa nini. Ya tatu ilipopotea nilimpiga kwa hasira kabisa, nikamwambia hana faida. Naandika haya kwa aibu, na ninataka myasome hivyohivyo.

Siku hizo nilikwenda duka la Mhindi mmoja pale mjini kununua wino. Akaniuliza, "Mwalimu, shule yenu inakula sleti? Yule kijana wa mlimani kila juma anakuja kufagia dukani kwangu na kupanga magunia, apewe sleti. Nimempa mbili. Ya tatu nimemwambia, baba, kwanza kale, halafu ufagie."

Nilirudi shule na wino mkononi. Nikaiambia nafsi yangu nitamwuliza Mloka kesho. Kesho Mloka hakuja, wala kesho kutwa. Nikaenda Bigwa kwa dada yake. Akanikaribisha mkekani, akaniamkia vizuri, kisha akaniambia kwamba mdogo wake amepanda mlima alfajiri, amesema harudi. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi kweli huyo mtani anatupa sleti mtoni, na anayechapwa ni aliyetupiwa?" Alikuwa anauliza kwa upole, kama asiyejua, na upole ule ulinichoma kuliko matusi.

Basi nikapanda Mgeta. Nililala njiani kwa mtu, nikafika siku ya pili asubuhi. Mama yake Mloka alinitandikia, lakini akasema shauri la kijana si lake peke yake, lina mwenyewe, akatuma aitwe kaka yake. Mjomba akaja kutoka shambani, udongo miguuni, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umepanda mlima kufuata mtoto. Hilo nimeliona. Sasa niambie, huyo mtani wake aliyemnyima chakula ni wa ukoo gani?"

Nikamtajia, vilevile kama ilivyo daftarini.

"Huo ni ukoo wa baba yake huyo kijana, jumbe namjua," akasema. "Mama yake je?"

Nikasema sijui, sikuuliza.

"Na Mloka umemwandika ukoo gani?"

Nikautaja.

Mjomba akamtazama dada yake, dada yake akatazama chini, nikaona mabega yanamtikisika. Alikuwa anajizuia kucheka. Mjomba hakucheka. "Mwalimu, huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ndiyo maana mimi nimeitwa hapa na baba yake hakuitwa. Wewe umewaandika watoto wote koo zisizo zao. Mloka na huyo mwenzake hawana utani wowote. Hawana hata mwanzo wa utani."

Nikauliza, "Lakini wao wenyewe hawakujua?"

"Wanajua wote. Mtoto wa miaka minne anajua."

"Mbona hakusema?"

Mjomba akamwita Mloka, aliyekuwa nyuma ya nyumba muda wote huo akisikiliza. Akaja akasimama. "Mwambie mwalimu wako kwa nini hukusema."

Mloka alisema kwa sauti ambayo nusura nisiisikie: "Mwalimu alisema imeandikwa."

Nilimwomba radhi palepale, mbele ya mama yake na mjomba wake, kwa fimbo zote tisa. Hakujibu kitu. Mjomba akasema, "Mtoto huyu alikuwa anasema mpaka tunamwambia anyamaze. Tazama mlivyomrudisha. Nitamwacha arudi nawe, maana mama yake anataka asome. Lakini nitamtazama mpaka mavuno. Kama mavuno yatafika naye yuko hivi, bubu, nitakuja kumchukua, na watoto wa upande huu hamtawaona tena." Kisha akaongeza jambo ambalo nimelifundisha tangu siku hiyo. "Na hata kama wangekuwa watani, Mwalimu. Mtani akila chako leo, kesho na wewe unakula chake. Akikutukana, unamtukana. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kwanza. Ikiwa mmoja ni wa kufanya na mwingine ni wa kufanyiwa tu kila siku, huo ni uonevu, uwe umeandikwa au haukuandikwa."

Tukashuka wawili. Njia nzima Mloka alikuwa mbele yangu, akinisubiri kwenye utelezi, hasemi.

Siku ya kwanza nilifungua daftari mbele ya darasa, nikaipiga mstari safu yangu nzuri kutoka juu mpaka chini, nikawaambia nimekosea. Mwalimu Hemedi alikuwa amenionya kwamba mwalimu akikiri kosa mbele ya darasa, kesho hawatamsikiliza. Kesho yake wasionisikiliza walikuwa walewale wa siku zote. Athumani sikumchapa. Nilimweka asimame, nikamwambia alijua na alinitumia, na daftari langu halitamfanyia kazi hiyo tena. Alikubali kwa kichwa. Baba yake akatuma mtu kuuliza, nikamweleza mambo kama yalivyokuwa, na sikusikia neno lingine.

Kisha nikaanza somo ambalo halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Kila Alhamisi baada ya hesabu niliwaambia wanisimulie utani wa nyumbani kwao. Mmoja akasema mtani wa babu yake alimvua kofia msibani, na mwezi uliofuata babu akamkalia mkeka wake akakataa kuondoka mpaka apikiwe. Walicheka mpaka wakalia. Nikagawa ubao pande mbili: hapa "anayefanya", hapa "anayefanyiwa". Kila kisa walichosimulia tuliandika majina, na katika utani majina yalihama, leo upande huu, kesho upande ule. Kisha nikawaambia waniletee yanayotokea shuleni, bila kumtaja mtu, waseme tu "fulani" na "fulani". Hapo majina yalikaa. Fulani wa "anayefanyiwa" alibaki upande huohuo siku saba. Nikawauliza, "Huu nao ni utani?" Hakuna aliyesema ndiyo. Wengine walikuwa wanaona kwa mara ya kwanza, na si wadogo tu.

Kujibu kulikuwa kugumu zaidi. Mtoto anayeonewa ukimwambia apigane, umempeleka kuumia. Ukimwambia aje kwako, atakuja mara moja, kisha ataonewa mahali ambapo hupo. Tukakubaliana maneno manne: "Mimi si mtani wako." Huyasemi kwa matusi wala kwa kilio, unamtazama mtu machoni unayasema. Na walio karibu kazi yao ni mbili: waache kucheka, na waseme, "Wewe si mtani wake." Anayecheka ameshiriki, hilo nililirudia mpaka wakalichoka.

Tulifanya mazoezi ya kuigiza. Mwanzoni walitamka maneno yale kama wanaosoma alfabeti, na kijana mmoja aliyeigiza mwonevu aliipenda kazi mpaka nikalazimika kumvua cheo. Lakini yaliingia. Juma la tatu nikiwa kwenye ua nikasikia darasa la pili, la Mwalimu Hemedi, ambao hata sikuwafundisha, wakimwambia mkubwa mmoja kwenye mtungi wa maji, "Wewe si mtani wake," sauti nne kwa pamoja, na yule mkubwa akarudisha kata. Siku hiyo nilikula kwa hamu.

Mloka ndiye hakuyasema. Alikula chakula chake, mkono wake ukajaa tena, sleti yake moja ilikaa. Aliandika vizuri. Lakini mkono wake haukunyanyuka tena, na nilipompa zamu ya kusoma alisoma kwa midomo tu, sauti haifiki benchi la pili. Mahindi yalikuwa yameshatoa mbelewele. Nilikuwa nahesabu majuma, na nilikuwa naogopa. Mjomba yule si mtu wa kusema jambo mara mbili.

Na hofu ile, wenzangu, nilimmalizia Athumani. Sikujua kama nafanya hivyo. Nilijiona mwalimu mwenye ucheshi. Akichelewa, nasema, "Karibu, bwana mkubwa, leo umekula kwa nani?" Akijibu vibaya, nasema sleti yake ikaulizwe mtoni. Nilimtungia jina, Mla vya Watu, na darasa lilicheka kwa sababu ni mwalimu amesema, na Athumani mwenyewe alicheka. Alikuwa amehamia mwisho wa benchi. Hesabu zake zilikuwa zimeanza kuharibika, nikasema moyoni kwamba ni haki yake.

Siku moja nilikuwa nafundisha kugawanya. Nikaandika ubaoni: mtu ana mihogo kumi na miwili, awagawie watu wanne. Nikageuka. "Ila asigawe Athumani," nikasema. "Huyo ataleta maganda."

Wakacheka. Athumani akafungua mdomo akacheka pia, na macho yake yakabaki kwenye sleti.

Mloka akasimama. Alisimama vibaya, benchi likaburuzika kwa kelele, wote wakageuka kumtazama. Akaibana mikono kwenye mapaja.

"Mwalimu," alisema, na sauti ilifika mpaka mlangoni. "Wewe si mtani wake."

Kicheko kikakatika. Nilisubiri mtu amwambie akae. Badala yake benchi lake likasema, kisha la nyuma, kisha darasa lote: "Wewe si mtani wake." Hawakupiga kelele. Walisema kama nilivyowafundisha, wakinitazama machoni.

Nilikuwa na chaki mkononi, nikaiweka. Jibu la ukali nilikuwa nalo ulimini, mwalimu hakosi jibu la ukali. Nikalimeza. "Ni kweli," nikasema. "Mimi si mtani wake." Nikamwomba Athumani radhi, kwa jina lake alilopewa na wazazi wake. Akasema amenisamehe, na akauliza kama sasa anaweza kugawa ile mihogo. Akaja ubaoni akaigawa, mitatu mitatu, sawasawa. Mloka alikuwa bado amesimama, amesahau kukaa.

Mavuno yalipofika nilimpelekea mjomba wake salamu kwamba kijana anasema sasa, asihangaike kushuka. Alisema nini, na alimwambia nani, hilo sikumweleza. Ninyi ndio wa kwanza kuwaambia.